Usizime Inyambo Mteremkoni

Quartier Swahili,
Rumonge.
Tarehe 11 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Asmani,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakuamkia kwa heshima, wewe na Bi Mariyamu na watoto. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi za jengo lenu, na mama tangu hapo kila akiinuka kwenye mkeka anasema, "Sijui Asmani anaamkaje huko." Joto la Muscat nalo nasikia limeshaanza. Naomba Mungu awape wepesi.

Sisi huku ni wazima. Mvua zimepungua na ziwa limerudi nyuma kidogo. Majirani waliohamia juu maji yalipoingia ndani wameanza kuja kutazama kuta zao. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ni nyingi wiki hizi. Mama anazianika hata juu ya bati la banda la pikipiki, kwa hiyo nikifika ofisini watu wanajua nimekuja kabla hawajaniona.

Najua barua hii imechelewa. Uliniuliza jambo moja tu: Zakaria, yule mfanyabiashara wa mawese, anaitaka ile pikipiki uliyotuletea, je, tumuuzie au tubaki nayo? Ukasema nisijibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu mimi hukubali kila kitu. Ni kweli. Basi nimekaa chini kuandika, na nitakueleza yote kwa mpangilio, hata yale ambayo mama angependa niyaruke.

Kinachomtisha mama unakijua. Baba alikuwa amepakiwa nyuma kwenye pikipiki ya kukodi pale Gitaza, tope la mlima limeshuka barabarani. Dereva akakanyaga breki, gurudumu likakwama, pikipiki ikalala na kuteleza hadi chini ya lori. Tangu siku ile mama hakupanda tena kitu cha magurudumu mawili, hata baiskeli. Mimi nami nimekua na hofu hiyo hiyo. Mpaka leo nikisikia tairi likilia kwenye lami, nageuka kutafuta lori.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba umetafuta muda mrefu mpaka ukapata yenye ABS, ile breki isiyoacha gurudumu likwame, nilielewa ulichokuwa unatafuta. Hukutaja jina la baba na haikuhitajika.

Upande wa pili ni kazi yangu. Chama chetu cha wakulima wa michikichi kimeamua kila karani aende mwenyewe Kizuka, kule juu milimani, kukagua mizani kwenye mitambo ya kukamulia mawese. Asiyeweza kufika atampisha mwingine. Magari ya abiria yanalala kwa kukosa mafuta, na kutembea ni mbali. Kwa kifupi, Mjomba, bila pikipiki sina kazi, na pikipiki yenyewe mama alikuwa hataki hata kuipita kwa karibu. Ndoo ya maji aliizungusha nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya banda.

Nianze na siku za kujifunza. Aliyenifundisha ni Olivier, mkubwa wa waendesha pikipiki za kukodi pale sokoni. Alipoiona mara ya kwanza, kiti kiko chini kama kigoda, mahali pa miguu pako mbele, na usukani umetanuka pande zote mbili, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Karani, hii si moto kama pikipiki zetu. Hii ni inyambo! Angalia pembe zake!"

Basi jina likabaki. Unakumbuka wale ng'ombe wa mwami, mfalme wa zamani, wenye pembe ndefu, wanavyotembea polepole kwenye sherehe kama wanajua wanatazamwa. Nami nilikwenda polepole kama wale ng'ombe. Wenzake Olivier walinipita wakipiga honi: "Karani, unaipeleka malishoni?" "Ikishiba utuletee maziwa!" Nilivumilia. Uzito wake uliniogopesha mwanzoni, lakini kwa kuwa kiti kiko chini, miguu yote miwili inafika ardhini kikamilifu, na mtu mwoga akikanyaga ardhi anapata akili.

Breki tuliijaribu kwenye ile njia ya changarawe ya kwenda ufukweni. Olivier aliniambia niende wastani, kisha nibane zote mbili kwa nguvu. Nilisoma dua kwanza. Nilipobana, mpini wa breki ulianza kutetemeka kwenye vidole vyangu kama samaki aliye hai, na mguuni vilevile. Nilidhani nimevunja kitu. Kumbe Inyambo ilikuwa imeshasimama, wima, na mimi juu yake.

Olivier alikuja mbio. "Frein, breki yako, iko na homa! Lete nichomoe fizibo yake ya umeme, itaacha kutetemeka."

Nikamkatalia. Si kawaida yangu kumkatalia mtu, wewe unajua. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya kuipanda. Breki ya kawaida ikibana sana, gurudumu hufa, na gurudumu lililokufa halisikii usukani, linakwenda linakotaka. Hii yetu inabana na kuachia, inabana na kuachia, haraka kuliko mkono wa mtu yeyote, ili gurudumu liendelee kuzunguka na usukani uendelee kusikilizwa. Kutetemeka kule ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia Olivier, "Homa hiyo ndiyo dawa." Akasema sisi tuliosoma tunapenda kuugua.

Sitaki uone naisifu kupita kiasi. Kwenye changarawe inachukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Kwenye kona mtu akiwa amelala nayo sana, haimsaidii kama inavyomsaidia akiwa amenyooka. Haimfanyi mjinga awe mwerevu. Lakini kile kilichomtokea baba, kile cha gurudumu kukwama, ndicho hasa inachokizuia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nour, binti wa marehemu mama mkubwa, amepata mtoto wa kiume huko Kizuka, na akika ilikuwa Jumapili iliyopita. Mama ndiye mkubwa aliyebaki upande wetu, asingeweza kukosa. Tulisubiri gari tangu alfajiri, hakuna. Hatimaye alitoka ndani amevaa kitenge chake kipya, akasimama mbele ya banda, akaniambia bila kunitazama, "Toa ng'ombe wako."

Kupanda mlima alifumba macho njia nzima. Nilimsikia akisoma nyuma ya shingo yangu, akirudia aya moja. Tulifika salama, mtoto akanyolewa, tukala, mama akacheka na wenzake. Nikadhani shida imekwisha.

Lakini huku kwetu kuna desturi moja ambayo huenda umeisahau, au haikuwepo enzi zako. Kwa shida hii ya mafuta, waendesha pikipiki wote wakifika kileleni huzima na kushuka kimya. Tena abiria ndiye anayechomoa ufunguo na kuushika mkononi, ili aone kwamba dereva hachomi mafuta aliyochangia. Ni heshima kwa abiria. Asiyempa abiria ufunguo huitwa mchoyo.

Wakati wa kurudi, tulipofika kileleni, Olivier alitupita na mwanamke mmoja nyuma yake, wanashuka kimya, yule mwanamke ameinua ufunguo juu kama anatupungia. Mama akanigonga begani.

"Na wewe zima. Esansi ya kuchoma iko shida, si uone wenzako? Tena bila makelele hofu itapungua kidogo."

Nikafurahi kwamba amesema neno la kupunguza hofu. Nikazima. Akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo mwenyewe.

Mjomba, ni kweli palikuwa pazuri. Upepo tu, michikichi pande zote, na ziwa chini likionekana kipande kipande. Mama hakufumba macho. Aliniambia, "Ona, Congo yote inaonekana." Tulipita kona ya mwisho, barabara ikanyooka, na pale ndipo pana mtambo wa mawese. Madumu yanayobebwa pale huvuja, lami ina rangi ya chungwa. Mbuzi akatoka kwenye majani. Sikuwa na wasiwasi sana, kwa kuwa nilikuwa na breki yangu. Nikabana zote mbili kwa nguvu.

Mpini haukutetemeka.

Ulibana na kukaa kimya. Nyuma ikaanza kwenda pembeni, na nikasikia lile tairi, sauti ile ile ninayoisikia ndotoni, na mama akaita jina la baba. Hakuita langu. Niliachia breki kwa hofu tu, si kwa ujuzi, tukaingia kwenye majani marefu na Inyambo ikalala taratibu. Mbuzi alikwenda zake. Nilichubuka kiwiko. Mama alikuwa amekaa kwenye majani, kiatu kimoja hakipo, kitenge kimeingia mawese mpaka gotini, mzima.

Olivier alituona kutoka chini, akarudi kutusaidia kuiinua. "Inyambo imelala! Mama, iko na mimba?" Mama hakucheka. Akasema, "Nasiri, iuze. Kesho. Mwambie Asmani nimesema."

Nilikuwa natetemeka mwili mzima, na kwa sababu nilikuwa natetemeka nikakumbuka kwamba breki haikutetemeka. Nikamtazama mama. Ngumi yake ya kulia ilikuwa bado imefungwa tangu kileleni. Nikaifungua kidole kimoja kimoja, na ufunguo ulikuwa ndani, umemwachia alama kwenye kiganja.

Breki ile ina ubongo, Mjomba, na ubongo wake unakula umeme. Ufunguo ukitoka, taa zinazimika, ubongo nao unalala, na breki inabaki breki ya kawaida kama ile ya Gitaza. Pikipiki za wenzetu hazina ubongo huo, kwa hiyo desturi yao haiwapunguzii kitu. Sisi tulikuwa tumebeba dawa, tukaifungia mkononi mwa mama.

Nilimweleza mama hivyo. Akasema maneno ni maneno, na hata yule dereva wa Gitaza alikuwa na maneno mengi. Hapo sijui ni nini kilinishika. Nikamwomba ufunguo, nikaiwasha, nikaipandisha hadi kwenye ile kona. Olivier aliita, "Karani, acha! Umeshaanguka mara moja, hiyo inatosha!" Mama alisimama kando ya barabara na kiatu kimoja.

Niliogopa kuliko siku yoyote. Nilishuka polepole, injini ikinguruma, nikafika kwenye yale mawese, nikabana kwa nguvu ile ile. Mpini ukatetemeka. Haikusimama papo hapo, iliendelea mbele kidogo juu ya utelezi, lakini iliendelea ikiwa wima, usukani unanisikia, mpaka ikasimama karibu na mama, umbali wa kuweza kushikana mikono.

Mama akamwambia Olivier, "Nitafutie kiatu changu." Akapanda.

Olivier tangu siku hiyo haongei tena habari ya fizibo. Amebaki kuuliza kama tunaweza kumkopesha Inyambo siku ya harusi ya mdogo wake. Mama amekataa.

Kitenge mama amekifua kwa sabuni, majivu na ndimu, doa halitoki. Juzi alikichana kipande pale penye doa, akakisokota, akafunga ufunguo kwenye usukani kwa mafundo ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyafungua. Naweza kuuzungusha ili kuzima nikishafika, lakini kuuchomoa hakuna awezaye. Abiria yeyote akiomba ufunguo namwonyesha mafundo.

Nilimuuliza mama nikuandikie nini kuhusu Zakaria. Alikuwa anageuza ndagala juu ya banda. Akasema, "Mwandikie kaka yangu kwamba Ijumaa tunakwenda Gitaza." Hajafika pale tangu tulipomzika baba. Anataka kusoma dua mahali penyewe, na anataka kufika kwa pikipiki. Ndilo jibu lako, Mjomba.

Nour na mtoto wake wanakusalimu, mtoto ameitwa Tahiri. Hamissi wa jirani anauliza kama bado unacheza bao. Msalimie sana Bi Mariyamu, na watoto wabusu kwenye paji la uso kwa niaba yetu. Mungu akulinde ugenini, alitulize goti lako, na atukutanishe hapa nyumbani tukiwa na afya. Utuombee siku ya Ijumaa. Naogopa bado, lakini nitaendesha.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka kila nigusapo breki,

Nasiri