Goti Limefika Mkekani

Mama yangu, shikamoo kutoka Kivinje, kwenye joto na pweza mtamu!

Leo msikitini, wakati wa kutawadha, mzee mmoja aliliona kovu langu chini ya goti, akanikimbilia na kiti. Nikamwambia, "Ahsante babu, leo najaribu chini." Nikasujudu, Mama! Goti likatulia mkekani, bila maumivu!

Baada ya swala akalionyesha lile kovu, akauliza, "Madaktari walikutia nini humo?"

"Chembe nyeupe za kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale ya mfupa. Daktari alijazia pale palipopondeka, mfupa wangu ukaota humohumo mpaka ukaungana."

"Subhanallah!" Akakikalia kiti mwenyewe.

Mama, kile kiti ulichonitolea jikoni nikiswalie, kirudishe jikoni.

Nakubusu mikono.
Mwanao Hamisi