Nilichomjibu Muuguzi

Mama Athumani,

Nakuandikia nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kabati lako la vyombo, maana kukaa kunanishinda. Tangu tukuzike, mke wangu, miguu yangu haitaki kutulia. Natoka uani, narudi ndani, nafika hadi njia ya kule kwenye mashamba ya chumvi nilikofanya kazi, kisha nasahau nimefuata nini.

Chakula kilikuwa hakipiti. Usingizi ukikatika kabla ya alfajiri, haurudi. Nilimwambia binti yetu Mwanaisha kuwa ni tumbo, akanipeleka zahanati hapa Gongoni. Nikapewa dawa ya tumbo. Tukarudi, nikapewa ya malaria. Tuliporudi tena tukamkuta muuguzi mgeni, binti wa Kaloleni, jina lake Kadzo. Akaniamkia shikamoo, akanipima presha, kisha akaweka kalamu chini.

"Babu, ni kitu gani kinakufurahisha siku hizi?"

Mwanaisha akawahi kujibu kwamba napenda redio. Kadzo akamwomba kwa adabu atungoje nje.

Redio nimeizima tangu arubaini yako, kila sauti yaniudhi. Wakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Baba Athumani, punguza, majirani nao wana masikio"?

Akauliza usingizi, akauliza chakula, akauliza kama najiona mzigo. Kisha, taratibu kabisa, akauliza kama huwa natamani kufa.

Niliinuka. Nikafika mlangoni, mkono juu ya komeo. Nilitaka kumwambia mimi ni Muislamu, swali gani hilo. Badala yake nikasema, "Kila nikilala naomba nisiamke."

Nikalia, mke wangu, nikamweleza habari zako. Mbele ya mtoto wa watu.

Hakunihubiria. Aliniuliza kama nimepanga kujidhuru, nikamwambia la, na ni kweli. Akasema huzuni ya kukukosa ni haki yangu, ila hii iliyoninyima chakula na usingizi miezi yote hii ni maradhi, na yanatibika.

"Nikipona, si nitakuwa nimemsahau?" Hilo ndilo lililonitisha.

Kadzo akanisogelea. "Kwani marehemu alipenda ukae na njaa, babu?"

Wewe? Wewe uliyekuwa ukinifuata hadi njiani na kipande cha muhogo?

Basi akamwita daktari, nikapewa vidonge vya kumeza nikienda kulala, na kila Jumatatu Kadzo ataka kuniona. Mwanzoni niliona havifanyi kitu, nikataka kuvitupa. Mwanaisha akaniwahi. Sasa nalala hadi adhana. Juzi nimekula wali wa nazi na samaki, sahani nzima, kisha nikaona haya, kama niliyekuibia. Na bado kuna siku nazunguka uani kutwa. Huzuni haijesha.

Dada yako Rukia naye alalamika magoti, mgongo, kichwa. Kila dawa ameshakunywa. Jana nilimtazama akishona kofia, akifumua, akishona, akifumua. Nikamuuliza mimi mwenyewe, "Shemeji, usingizi waupata?" Akaacha sindano, machozi yakamtoka.

Jumatatu nakwenda naye kwa Kadzo. Nakuahidi sitamwacha peke yake. Na jingine nakuahidi: ile dua ya kutoamka nimeiacha. Nitakuja, mke wangu, siku yangu ikifika. Sitakuja mbio.

Pumzika.

Mumeo,
Baba Athumani