Baba Alipompakata Wajina Wake

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Port Reitz. Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini joto halijapungua. Sijatulia.

Leo kaka yangu Kahindi na mkewe wamemleta mtoto wao wa kwanza kutoka Mtopanga. Ni mvulana, na kwa desturi yetu amepewa jina la babu yake, Karisa. Baba aliitamani siku hii tangu kabla ugonjwa wa Parkinson haujamshika.

Mama alipiga vigelegele. "Mume wangu mpya ndiye huyu," akamwambia Baba. "Wewe mzee tafuta pa kulala."

Zamani Baba angemjibu mpaka tushike mbavu. Leo alimpakata mtoto, akamtazama, akamrudisha. Wifi yangu akainamisha kichwa.

Nikaharakisha kumweleza, kama ninavyowaeleza wageni wote, kwamba ugonjwa hukaza uso, tabasamu halitoki, lakini moyoni anafurahi. Nimeyasema haya mwaka mzima.

Sikuwahi kumuuliza mwenyewe.

Walipoondoka nikamuuliza.

"Nimempakata wajina wangu, mwanangu, ikawa kama nimepakata mto," akasema. "Chai ni hivyo hivyo. Kanisani ni hivyo hivyo. Sisikii raha ya kitu."

Nikauliza kama ana huzuni. Akasema hapana, huzuni angeijua, angelia. Aliyasema kwa sauti ile ile anayoniulizia saa.

Naogopa.

Mimi ni karani, nimezoea kuandika kila kitu. Kwenye daftari la kliniki nimeandika saa za vidonge, mara alizoanguka, usiku aliokosa usingizi. Hili halimo, kwa sababu jibu nilishamjazia mimi. Huenda lilianza zamani. Huenda lina dawa, huenda halina. Nilitaka kumuuliza kama hata mimi sasa ananiona hivyo hivyo, nikashindwa.

Ameniomba nisimwambie Mama. "Atadhani ni yeye nimemchoka."

Kesho nitaomba ruhusa kazini, Jumatano niingie naye kwa daktari. Nitayasema yote, hata yeye akisema hajambo.

Hilo ni la Jumatano. Sasa hivi Mama ananiita jikoni, na najua atakaloniuliza: mzee amemfurahia mjukuu?

Nitamjibu nini?