Kilo Mbili za Maji

Arusha,
Jumapili, baada ya chai

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kitako na una nguvu ya kuisoma mwenyewe. Mkono wa sindano za mashine ya kusafisha damu unaendeleaje? Mara ya mwisho Mama aliniambia umevimba mpaka shati la mikono mirefu halipiti. Na miguu je? Na usingizi? Huku mimi na mwanangu Salma ni wazima, ila baridi imetukalia kooni. Wiki ya pili sasa Mlima Meru umejifunika hatuuoni, na Salma anaenda shule amevaa masweta mawili, moja juu ya jingine.

Najua utashangaa kuona karatasi zama hizi. Sababu ni kwamba simu yako ni ya nyumba nzima. Ujumbe ukiingia, wifi Zuhura anausoma kwa sauti kutoka jikoni kabla hujatafuta miwani. Haya ninayotaka kusema ni yako kwanza. Ndiyo maana nimempa Mwalimu Hadija, jirani yenu, anayerudi Mtwara likizo, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, utaamua wewe nani mwingine aijue.

Unakumbuka siku ile Dar, daktari alipotuita wote chumbani. Mama alishakataliwa kukutolea figo kwa umri, damu ya Juma mdogo wetu haikupatana na yako, nikabaki mimi. Akasema, "Figo zako nzuri, Somoe, ila uzito haunifurahishi. Una kilo themanini na sita. Lete sabini na nane ndani ya miezi mitatu, ndipo tupange upasuaji." Wewe ulicheka, ukasema fundi cherehani anakaa siku nzima, kilo zitamtokaje. Mimi sikucheka. Nilirudi Arusha nimeazimia, kaka, naapa. Uniamini hapo hata kama huko mbele utaona vigumu kuniamini.

Nilinunua mizani ndogo ya betri na raba za mtumba. Nikawa naamka alfajiri, natembea barabara za Njiro kwenye kuta ndefu za wenye nafasi, na mbwa wa kila geti ananibwekea kana kwamba nimekuja kuiba. Jumamosi nilikwenda Olmotonyi kwa Mama Neema, yule Mmeru ninayeshona naye kwenye baraza moja. Alinipandisha mlimani kwa njia ya msituni. Siku ya kwanza bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani alitupita, akatuamkia, akapotea huko juu. Mimi nilikuwa nimekumbatia mti natafuta pumzi. Kesho yake nilishuka ngazi kinyumenyume, na Salma alinivuta mikono ili niinuke kwenye kigoda.

Wifi ndiye aliyeleta utaratibu wa kila Ijumaa kupiga picha mizani na kuiweka kwenye kundi la familia. Sikuuchukia. Ijumaa ya kwanza ilisoma themanini na sita na nusu. Nikasema labda ni sketi. Ya pili, themanini na saba. Ya tatu nikapima kabla ya kunywa hata maji, nimevaa kanga moja tu: themanini na nane. Kaka, nilikaa pale sakafuni nikalia. Nimetembea mpaka kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, nimeacha chapati, nimeacha soda, na mizani inapanda!

Nikaweka picha ile ile, sikuficha. Nadhani ulisomewa alichojibu wifi: "Wenzio huku tunahesabu siku, wewe huko unahesabu matonge." Juma akaweka alama ya kucheka. Mama hakuandika kitu, na kimya cha Mama ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Basi nikaacha kula. Nilikunywa chai ya rangi asubuhi, na jioni kikombe cha uji. Siku ya nne nilikuwa nakata sare za kwaya ya kanisani kwa Mama Neema. Macho yakaingia giza, na nilipozinduka nilikuwa nimekata mikono minne ya kushoto. Minne, na miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii! Mama Neema aliiangalia mikono, akaniangalia mimi.

"Umekula nini leo?"

"Nimekunywa chai."

"Na jana?"

Nikainama kuokota mkasi.

"Aisee wewe mwanamke, unataka kaka yako aletewe figo au aletewe maiti? Simama hapo. Vua sweta."

Akachukua futi kamba yake. Sisi mafundi hatujipimi wenyewe, kila fundi anajua. Ukijipima unavuta tumbo ndani, halafu nguo inakubana siku ya sherehe. Kwa hiyo tangu nianze kutembea, kiuno changu hakikuwa kimepitiwa na futi ya mtu. Mama Neema alikuwa na vipimo vyangu vya gauni la Idi kwenye daftari lake. Akapima, akapima tena. Kiuno kilikuwa inchi arobaini na moja, sasa kilikuwa thelathini na tisa na nusu.

"Mizani yako inasema umenenepa," akasema. "Futi yangu inasema umepungua. Mimi ninavaa nguo, sivai mizani. Twende kwa Sista."

Sista Anjela ni nesi wa zahanati ya jirani, mama mmoja asiye na haraka. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama miguu inauma ninapoanza wiki, nikasema inauma mpaka kwenye nyonga. Akasema, "Basi ndiyo hiyo. Misuli ambayo haikuzoea kazi, ukiitumikisha inachubuka kidogo kwa ndani, na mwili unaipelekea maji iponywe. Tena inajifunza kuweka akiba ya nguvu, na akiba hiyo nayo inakaa na maji. Mizani haijui maji wala mafuta, inajua uzito tu. Hizo kilo mbili ni za maji, dada. Baada ya wiki kadhaa zitaondoka zenyewe. Kula vizuri, kunywa maji, endelea kutembea, wala usijipime kila unapopita."

Pale pale nilikufikiria wewe. Mara tatu kwa wiki unapimwa kabla ya mashine na baada ya mashine, kilo zinaingia na kutoka, wala hakuna anayekuambia umekula matonge. Katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako unayejua maji yanavyoweza kujifanya mwili. Kama ningekupigia siku ile, ungenielewa kabla sijamaliza sentensi.

Sikukupigia. Sasa nafika kwenye kile kilichonifanya nishike kalamu.

Nilipotoka kwa Sista nilikuwa na habari njema mdomoni. Nikafungua kundi la familia niandike, vidole vikakataa. Nilirudia kusoma maneno ya wifi, nikaona kwamba kumbe matusi yale nayaweza. Nayaweza kabisa. Mtu akiniita mlafi nalia kidogo, nanawa uso, narudi kwenye cherehani. Kisu ndicho nisichokiweza. Kaka, naogopa. Naogopa kulala kwenye meza ile nisiamke. Tangu baba yake afariki, Salma hana mtu chini ya paa letu isipokuwa mimi, na ana miaka tisa. Ile namba ya themanini na nane ilipotokea nililia, ni kweli, lakini chini ya kilio kulikuwa na kitu kingine kimekaa kimya. Ilikuwa furaha. Najisikia vibaya kuliandika neno hilo, lakini ndilo.

Ijumaa iliyofuata sikusema habari za maji wala za futi. Niliweka picha ya mizani tu, ikisoma themanini na nane. Wiki ya sita maji yakaanza kuondoka kama Sista alivyosema, nikaona themanini na nne. Unajua nilichofanya? Nilitafuta ile picha ya zamani nikaituma tena. Nilikutumieni uongo, kaka, nikaenda kumsokota Salma nywele. Baada ya hapo nikasema betri ya mizani imekwisha. Miezi miwili na nusu watu wananisikitikia au wananisema, na mimi hapa napungua kila wiki kimyakimya.

Ningeendelea hivyo mpaka muda wa daktari uishe. Sijui. Kilichonivunja ni wewe. Ulinipigia Jumatatu iliyopita umetoka kwenye mashine, sauti imekauka kwa sababu hata kikombe cha maji unapimiwa. Ukasema, "Somoe, usijitese. Usile majani kwa ajili yangu. Ikishindikana imeshindikana, mashine ipo." Halafu ukauliza kama Salma amepata viatu vya shule. Nilikujibu nini? Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kesho yake nikapanda kwenye mizani ya Sista, siyo yangu. Sabini na nane. Sista akapiga makofi. Mimi nilishikilia ukuta.

Tangu siku hiyo nimefanya mambo mawili. Nimempigia nesi wa Dar anayeshughulika na faili letu, amesema niende kwa vipimo vya mwisho na wewe utaitwa mara majibu yakishatoka. Na nimemweleza Salma. Hakulia. Aliuliza mjomba akipewa moja mimi nitabaki na ngapi, nikamwambia moja. Akasema basi mtakuwa sawa, akarudi kwenye hesabu zake. Atakaa kwa Mama Neema Olmotonyi mpaka nirudi. Nikichelewa kurudi, kwa namna yoyote ile, naomba awe wako. Sikuandikii hivyo kukutisha. Nimeandika kwa sababu siwezi kulala kwenye meza ile bila kuwa nimekuandikia.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukikasirika una haki, nami sitajitetea kwa habari za ujane. Kuna wiki sita ambazo ungeweza kuwa na tumaini, nikakunyima.

Nisalimie Mama, mwambie kanga alizotuma zimefika na Salma ameshachukua moja. Nisalimie mdogo wetu Juma, na wanao wote wanne, hasa yule kitinda mimba asiyenijua. Msalimie sana wifi Zuhura, mkeo. Maneno yake hayakuwa ya kweli siku alipoyaandika, ila baadaye, kwa kuchezea siku zenu, mimi mwenyewe niliyafanya kuwa ya kweli, kwa hiyo asiniombe radhi. Msalimie pia yule mzee mnayelala naye vitanda jirani kwenye mashine. Umenisimulia vichekesho vyake mpaka namwona kama baba mdogo.

Tiketi ninayo, ni ya Jumatano ya wiki ijayo, basi la Dar la saa kumi na mbili asubuhi. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo nipigie saa kumi na moja na nusu, wewe mwenyewe, asikupokonye mtu simu. Usiniulize kama naogopa. Niulize nimekaa siti ya ngapi, na usikate mpaka nikutajie namba.

Mdogo wako,
Somoe