Kadi Ambayo Sikukujazisha

Mdogo wangu,

Hapa hatujambo. Mlango wa kabati umetengenezwa, na mama anauliza kama mdomo umepona.

Mimi niko nyumbani wiki ya pili, saluni wamenifukuza. Unajua mteja yeyote wa kutolewa nywele za usoni kwa nta huwa namjazisha kadi ya dawa anazotumia, akatia sahihi. Wewe ulipokuja kutolewa nywele za juu ya mdomo, nilikuuliza kwa maneno tu: "Ile krimu ya chunusi ya daktari umeiacha? La sivyo nta itakubandua ngozi." Ukacheka: "Dada nawe! Zamani sana." Ningemdaije sahihi mtoto niliyembeba mgongoni?

Ngozi ikatoka na nta. Bosi akakuuliza kama nilikutahadharisha. Ukaniangalia, ukamjibu, "Hakuniuliza kitu."

Nikadhani ni maumivu yaliyokusemesha. Jana nimetandua kitanda chako, nikakuta tyubu ya krimu ileile chini ya godoro, imekamuliwa nusu. Lebo ya duka la dawa ina tarehe ya wiki ileile ya nta. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Usiipake tena mpaka daktari aseme. Na siku ukija, kadi iko mezani. Jaza kwanza, tia sahihi, ndipo uniite dada.

Ni mimi, niliyekuuliza.