Nilimshtaki Mwalimu Aliyemfundisha Binti Yangu Kusimama

Kwako Bi Ubah,

Nakusalimu sana na naomba unisaidie kabla Ijumaa ifike, kwa sababu Ijumaa saa nne asubuhi kuna mkutano kwa shule yetu na mimi ndio mwenyekiti wa wazazi, na kwa huo mkutano kuna mwalimu mmoja ataulizwa maswali juu ya barua yenye haina jina, na hiyo barua, Bi Ubah, ni mimi niliandika, na hakuna mtu anajua, hata mama ya watoto wangu hajui.

Mimi ni mkulima wa chai upande wa Itumbe, miaka hamsini na mbili, nilisoma mpaka darasa la nane, na kwa kanisa mimi ni mzee wa kanisa, kwa hivyo unaona venye haya maneno ni mazito kwa mdomo wangu. Lakini wacha nikwambie, si aibu imenifanya niandike. Aibu mtu anaweza kukaa nayo. Ni shukrani ndio inanisumbua, inatafuta mlango na mimi ndio nimeufunga.

Huku kwetu ardhi ni kidogo. Mimi nalima kipande baba yangu aligawa mara tano, na yote ni mteremko, hata kuku akisimama vibaya anajikuta kwa jirani. Mahali tambarare ni moja tu, uwanja wa shule. Sasa nilipochaguliwa, miaka nne imepita, kila nikipita hapo naona nyasi tupu na roho inaniuma, nikasimama kwa mkutano nikasema, "Wazazi, hii ardhi imelala bure, tupande chai, shule iwe na kitu yake." Watu walipiga makofi. Tukapanda nusu, halafu tukaongeza kidogo, halafu kidogo tena, mpaka watoto wakabaki na mahali kama pa kuanika mahindi. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Mwaka jana tukaletewa mwalimu kutoka upande wa Ekerenyo. Nitamwita Emily, si jina lake. Ni mfupi, lakini sauti yake ni ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walimu wengine kipindi cha michezo kikifika wanabadilisha inakuwa hesabu, au wanaachilia watoto wakimbizane kama mbuzi. Huyu hapana. Alikuja na filimbi, na kamba, na tairi kuukuu, na mipira ya majani makavu ya ndizi yenye watoto walisokota wenyewe, na anafundisha kama vile mtu anafundisha kusoma, leo kuruka na kutua, kesho kusimama mguu mmoja, kesho kutwa kudaka, na anaangalia mtoto mmoja mmoja, huyu magoti, huyu macho. Na kwa sababu nafasi haikutosha, akawapeleka katikati ya mistari ya chai.

Siku moja nikawapata. Watoto zaidi ya thelathini wanarukaruka kwa mguu mmoja katikati ya chai yangu. Nikaita, "Mwalimu! Hawa watoto watamaliza chai!"

Akanijibu polepole tu, "Mwenyekiti, chai ndio imeingia kwa uwanja. Uwanja haujaingia kwa chai."

Watoto wakacheka. Na kwa barabara kulikuwa na kijana wa boda boda na abiria wake, nao wakacheka, na abiria akasema, "Leo mwenyekiti amepata mwenyekiti." Niliumia vibaya. Nikafika nyumbani nikararua karatasi kwa daftari ya mtoto, nikaandikia ofisi ya elimu, ati mwalimu huyu anamaliza saa za masomo kwa kurukaruka, watoto hawajui kuzidisha, na wasichana wanafundishwa kurusha miguu bila heshima. Chini nikaweka "Mzazi Mwenye Uchungu." Nikapeleka mwenyewe, nikaipitisha chini ya mlango wa ofisi bila mtu kuniona.

Sasa nikuambie kuhusu binti yangu, nitamwita Kemuma, ako miaka tisa na ako kwa darasa ya huyo mwalimu. Tangu akiwa mdogo huyu mtoto alikuwa anaanguka. Sahani, anaangusha. Kikombe, anaangusha. Ukimrushia kiazi anafunga macho na kinampiga kifua. Wenzake walimwita Kemuma wa Kumwaga, na mimi baba yake nilicheka na wao. Kazi yake asubuhi ni kupeleka mtungi mdogo wa maziwa kwa barabara mahali gari la maziwa linachukua, na siku mbili alianguka na maziwa yote ikaenda kwa udongo, na siku hizo mbili nilimchapa, kwa sababu nilisema ni uzembe. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna kitu hajui. Nilifikiri kutembea kila mtu anazaliwa nayo.

Mwezi wa tano, ile mvua ilipokuwa mingi, nilikuwa nyuma yake kwa njia ya kuteremka, ule udongo mwekundu umekuwa kama sabuni. Nikamwona ameteleza. Bi Ubah, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumgombeza. Lakini mtoto akakunja magoti, akakumbatia mtungi kwa kifua, mkono mwingine akautupa kando, akateleza hivyo hivyo amechuchumaa, hatua tatu nne, akasimama kwa nyasi. Hata tone halikumwagika. Akageuka akaniambia kwa Kikisii, "Tata, usinipe pole, sijaanguka."

Nikamuuliza, "Nani amekufundisha hivyo?"

"Mwalimu Emily. Anasema usiangalie miguu, angalia mahali unaenda. Na ukiteleza, usikatae, shuka nayo."

Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama yake. Kumbe mwalimu alikuwa amemwita zamani, akamwambia huyu mtoto si mzembe, ni kwamba hakuna mtu amemfundisha kutua wala kudaka, na hakuna mahali pa kujaribu, na wakati wa mapumziko anamfundisha kando, mpira mkubwa kwanza, halafu wa kati, halafu mdogo. Nikauliza, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Ungesema anapoteza masomo." Na ni kweli, ningesema, nilikuwa nimeshasema kwa karatasi.

Nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe nikajaribu kusimama mguu mmoja. Sikufika kuhesabu saba. Nikaanguka kwa nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Nikasikia mke wangu kwa mlango wa zizi, "Mwenyekiti, umeanza shule?" Akaita Kemuma, Kemuma akasimama hapo na mguu mmoja akahesabu mpaka thelathini, akanishika mkono akasema, "Tata, kunja goti kidogo." Nimeishi na huyo mtoto miaka tisa na hiyo ilikuwa siku ya kwanza tumecheka pamoja, kwa sababu mtu wa umri wangu huku hachezi na binti yake, anamtuma tu.

Sasa tatizo. Ile barua imefanya kazi. Ofisi inatuma mtu Ijumaa, na kuna wazazi wanataka mwalimu ahamishwe. Wengine wanasema barua ni ya Machogu, kwa sababu Machogu ni mtu wa kulalamika, hata watu wameacha kusalimia bibi yake kwa kituo cha kupimia majani ya chai, na mimi nimesimama hapo na gunia langu nimenyamaza. Halafu juzi mwalimu mwenyewe amekuja kwangu, ameketi, akaniambia, "Mwenyekiti, wewe ndio mzazi wangu huku, nisimamie Ijumaa."

Nimefikiria hivi. Kama mwenyekiti naweza kumtetea kwa nguvu, kesi iishe, halafu nimpelekee mkungu mzuri wa ndizi na jogoo ya kumshukuru, na ya barua yafe hapo. Ama nijiuzulu kimya kimya. Kwa sababu nikisema, nimepoteza kiti, na kwa kanisa sijui, na zaidi ya yote Kemuma atajua kwamba mwenye alitaka kumfukuza mwalimu wake ni baba yake. Hiyo ndio siwezi. Nisaidie, na Mungu akubariki.

Mzazi, upande wa Itumbe

BI UBAH ANAJIBU

Mzee wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ulipoanguka kwa nepia nilicheka mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Jibu hili ninakutumia kwa simu, kwa namba uliyoacha kwenye bahasha, leo Jumatatu, kabla gazeti halijatoka Jumatano, na nitakuambia kwa nini. Umebadilisha jina la mwalimu, umebadilisha la mtoto, ukasahau kubadilisha chai. Kuna shule ngapi huko kwenu zilizopandwa chai katikati ya uwanja? Jumatano ikifika saa nne, mtu atakuwa anakusoma kwa sauti pale kituoni na gunia lako mgongoni. Kwa hivyo hiyo habari ya kunyamaza imeshakwisha, baba. Una leo jioni na kesho.

Nakupa pole kwa kitu kimoja, na pole hiyo ni ya kweli: wengi hufika kaburini bila kugundua walimchapa mtoto kwa jambo ambalo hawakumfundisha. Wewe umegundua angali ana miaka tisa. Mshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sasa nikukaripie kidogo, maana umekuja kwangu na hukwenda kwa kasisi.

Mtoto hazaliwi anajua kutua. Kudaka, kurusha, kusimama mguu mmoja, kuteleza bila kuvunjika, hayo yote hufundishwa, na yanataka mahali pa kukosea mara mia bila kuumia. Mahali hapo palikuwepo. Mkapanda chai. Kisha ukamtuma binti yako kwenye mteremko wa matope na mtungi mkononi, na alipoanguka ukakata fimbo. Soma hayo tena polepole, halafu uniambie mzembe alikuwa nani.

Na mwalimu alikujibu neno moja la kweli mbele ya watu, ukaenda kuandika gizani. Wewe mwenye kiti! Ungeweza kumwita, ungeweza kumuuliza, ungeweza hata kugomba. Tena ukatia na habari ya heshima ya wasichana, jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliona, ulilitia ili barua iume. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mwalimu wa kike huweza kuhamishwa mara tatu na neno kama hilo likamfuata kila shule.

Jogoo baki naye. Ndizi baki nazo. Ukipeleka zawadi kabla ya maneno, atakushukuru, atakupikia chai, na hapo utakuwa umemdanganya mara ya pili. Unataka kumshukuru kwa mkono mmoja na ule mwingine bado umemshika koo.

Kujiuzulu kimya pia nakukatalia. Huko ni kukimbia. Nenda ukiwa bado mwenyekiti, useme, kisha wazazi wenyewe waamue kama kiti ni chako.

Sasa sikiliza. Leo, kabla ya kukamua, mwambie mama watoto. Atakasirika, amekuficha jambo jema na wewe umemficha jambo baya, kwa hivyo usimuulize tena mbona hakukuambia. Kisha mwite Kemuma. Usimwambie kwa Kiswahili cha mkutano, mwambie kwa Kikisii, kwa lugha aliyokuambia nayo kwamba hajaanguka. Mwambie uliandika nini, na umwombe msamaha kwa zile siku mbili za fimbo, ukizitaja moja moja. Unaogopa atajua. Atajua tu, mzee wangu. Kilichobaki mikononi mwako ni kuchagua alisikie kwako au alisikie kwa wale wale waliokuwa wakimwita wa Kumwaga.

Kesho asubuhi nenda kwa Machogu. Usimtume mtu. Yeye na mkewe wamebeba mzigo wako na hawakuuomba, na kama atakufokea mlangoni, simama hapo hapo ufokewe. Ukitoka kwake, nenda kwa mwalimu, wewe na mama watoto, mchana, watu wakiona. Mwambie barua ni yako kabla hujamwambia asante. Ukianza na asante utashindwa kufika kwenye barua, nawajua wanaume. Akikuambia uondoke, ondoka.

Halafu andika barua nyingine kwa ofisi ile ile, yenye jina lako, namba yako ya simu na sahihi, useme kwamba habari ya heshima ya wasichana uliitunga, na uombe ile ya kwanza isiwekwe kwenye faili la mwalimu. Hiyo ndiyo itakayomlinda akifika shule nyingine. Maneno ya mkutano hupeperuka, faili halipeperuki.

Kuhusu uwanja, usiseme "tutaangalia." Pendekeza ile chai yote ing'olewe, na uwe tayari kupigiwa kelele na wale wale waliokupigia makofi. Watakuambia ni hasara. Wajibu kwamba chai inapenda mteremko na mteremko mnao tele. Watoto ndio hawana mahali pengine pa kujifunza kuruka.

Ijumaa wewe ndiye unayefungua mkutano. Baada ya maombi, kabla ya kumbukumbu kusomwa, kabla mgeni wa ofisi hajafungua mkoba wake, simama. Usieleze kwanza ulivyoumia, usitaje boda boda, usitaje cheo chako kanisani. Sema: "Barua ile niliiandika mimi, na niliyoandika juu ya mwalimu si kweli. Mtoto wangu alikuwa anaanguka, na huyu ndiye aliyemfundisha kusimama." Kisha toka kwenye kile kiti cha mbele, uketi na wazazi wengine, umwachie mwalimu nafasi ya kuzungumza kwa muda wote atakaotaka.