Mwaka na Nusu Niliomwongezea Gaudensia

Mke wangu Mama Gaudensia,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na naomba barua hii ikukute kile kifua kimekuachia, maana baridi ya Juni ya Sumbawanga naijua. Watoto nao natumaini ni wazima. Mimi mwili upo, nakula, nafanya kazi. Moyo ndio sitaki kuusifia.

Utashangaa kupata karatasi wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Wewe simu yangu ukiipokea unaweka sauti ya nje, nyumba nzima hapo Malangali inakusanyika, na hili nisingeweza kulisema Gaudensia akisikia. Nimempa barua dada mmoja wa Mbeya anayerudi nyumbani likizo, akukabidhi mkononi. Isome kwanza peke yako.

Ombi letu la ukaazi wa mwekezaji, la kuhamia huku familia nzima, bado halijajibiwa. Huu ni mwaka wa saba. Kila nikiuliza naambiwa lipo kwenye foleni, nisubiri. Miaka miwili ya mwanzo walitaka nithibitishe mtaji umetoka wapi. Unakumbuka ulivyohangaika kutafuta karatasi za mauzo ya malori na mashine ya kusaga, na za mahindi tuliyokuwa tunashusha bandarini Kasanga yavuke kwenda Kongo? Wakataka na risiti za ng'ombe alioniachia marehemu baba. Nikamwambia mwanasheria wangu kwamba ng'ombe wa urithi haji na risiti, anakuja na mkia. Alicheka, mama wa watu, kisha akasema risiti bado inatakiwa. Baada ya hapo ofisi ikanyamaza kabisa. Mtaji wetu wote umo katika ghala la samaki wa barafu nililofungua huku, na humo humo nabeba makasha kama kibarua, mwekezaji mzima, kwa kuwa nikitoka nje ya nchi kabla ya jibu ombi linafutwa.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mwanasheria aliniita. Kwa sheria ya huku, mtoto akifikisha miaka ishirini na mmoja kabla ombi halijajibiwa, hahesabiwi tena kuwa mtoto wa mwombaji. Anatolewa. Na kwa cheti chake, Gaudensia anafikisha mwezi ujao.

Najua hapo unahesabu kwa vidole na kusema mbona bado. Ni kweli, bado. Wewe ndiye uliyemzaa. Lakini kumbuka siku niliyompeleka kuanza darasa la kwanza. Alikuwa na miaka mitano na nusu. Wewe ulisema mwache acheze, mimi nikajiona nina mtoto mwenye akili kuliko kata nzima. Mwalimu mkuu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, kama walivyokuwa wakipima umri. Na ile mikono mirefu ya ukoo wenu, akalishika sikio na kulivuta. Tukacheka wote.

"Saba kamili huyu?" mwalimu akaniuliza.

"Saba kamili, mwalimu."

Nikarudi nyumbani najigamba. Ukaniuliza, "Baba Gaudensia, huo mwaka na nusu umeutoa wapi?" Nikakujibu kwamba umri ni wa mtoto wetu, nani atakuja kuuliza.

Wameuliza. Tulipomkatia cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya ombi hili, nilifuata tarehe ya shule ili karatasi zote zilingane. Mimi huyo huyo.

Nilimwambia mwanasheria kwamba tarehe ya kweli ipo parokiani, katika daftari la ubatizo, imeandikwa na padri mwenyewe. Nilidhani nimepata mlango. Akavua miwani akasema, "Ukibadilisha tarehe leo, umekiri kwamba ulileta cheti cha uongo. Watafuta ombi zima, na hao wadogo wawili nao watatoka." Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Nikamuuliza tena na tena, mpaka akafunga faili.

Kinachoniua si hicho peke yake. Mara mbili Gaudensia alipata nafasi chuo cha uuguzi, na mara mbili nikamwambia asianze kitu, tunaondoka wakati wowote. Akanisikiliza. Huu mwaka wa tatu yuko nyumbani anapalilia ulezi na kusubiri simu yangu. Binti yule hajawahi kunibishia hata siku moja. Naona aibu, mke wangu, mpaka kukaa mezani na wenzangu wa ghalani nashindwa.

Uliniambia nirudi tu. Nimelifikiria sana. Nikirudi, malori hayapo, mashine haipo, na miaka ya Gaudensia haitarudi. Nikibaki, labda wadogo zake Deo na Oresta watapata, labda nao foleni itawakomaza hadi watolewe. Sina imani tena na lolote. Nabaki kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Mwanasheria alinipa fomu ya kuorodhesha familia upya, niijaze kwa mkono wangu. Ilikaa siku nne juu ya meza ya jikoni. Leo asubuhi nimeijaza. Panapouliza idadi ya watoto nimeandika wawili, nikatia saini, nikaipeleka posta mwenyewe.

Mwambie wewe, mimi nimeshindwa. Usimwambie ni serikali ya huku. Mwambie ni baba yake, siku ile ya shule. Na akisema "sawa" kama anavyosema siku zote, tafadhali usinieleze.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Kaka mkubwa anayetuangalizia shamba mwambie namshukuru, na shemeji wa Wampembe anayewaletea samaki vilevile. Deo asome. Oresta nimesikia ameng'oka meno ya utoto na kuota mapya ya mbele, nimefurahi. Gaudensia sijui nimsalimu kwa neno gani.

Ni mimi mumeo,

Baba Gaudensia